Makaa Aliyoyataka Seyyid Barghash

Julai 1881 msafara mdogo uliondoka Unguja kwenda Mikindani. Mkuu wake alikuwa Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 23 aliyesomea jiolojia Edinburgh, ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa amerudi kutoka Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Safari ile ya kwanza alitumwa na wanajiografia wa London. Hii ya pili aliajiriwa na Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar. Kazi aliyopewa ilikuwa moja: aende bonde la mto Ruvuma, ayatazame makaa ya mawe ambayo kwa miaka mingi yalisemekana yapo huko, kisha arudi na jibu.

Sultani alikuwa na sababu ya kuyataka. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869 na meli za moshi zilikuwa zikizidi kuingia Bahari ya Hindi. Mwaka 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja, kikavunja majahazi, kikang'oa mikarafuu, na kuziangamiza karibu merikebu zote za Sultani pale bandarini. Mwaka huohuo meli za barua za kampuni ya Waingereza zilianza kufika Unguja kwa ratiba. Barghash alipoanza kujenga upya alinunua meli za moshi, na meli ya moshi haiendi kwa kusi wala kaskazi. Makaa yake yalitoka Uingereza, yakavuka bahari mbili kabla ya kutiwa kwenye tanuri. Kama yangepatikana Ruvuma, siku chache tu kutoka Mikindani na Lindi, mahali ambapo maliwali wake walikuwa tayari wanatoza ushuru, Zanzibar ingekuwa na nishati yake yenyewe na kitu cha kuwauzia Waingereza badala ya kununua kwao.

Habari za makaa hayo zilikuwa na mizizi ya miaka 20. Mwaka 1861 David Livingstone aliingia mdomo wa Ruvuma kwa meli yake iliyoitwa Pioneer, na pale mtoni akaona vipande vya miti iliyogeuka jiwe. Pete za mti zilionekana, gamba lilionekana, hata mafundo ya matawi, lakini kipande kilikuwa kizito na kigumu kama gumegume. Livingstone alikuwa ametoka Zambezi, ambako karibu na Tete matabaka ya makaa ya mawe yametokeza wazi kwenye kingo za mito, na ambako miti ya mawe na makaa hukutwa katika nchi moja. Akahitimisha kwamba palipo na miti ya jiwe, makaa yako chini yake. Mwaka 1866 alirudi, akashuka Mikindani na kupanda ukingo wa uwanda wa Wamakonde. Vichaka vilikuwa vimesongamana kiasi kwamba ngamia wake hawakuweza kupita, akalazimika kuwaajiri Wamakonde wenye mashoka na mundu wamfungulie njia. Miti ile ya jiwe akaiona tena, na imani yake ikaimarika.

Hukumu ya Livingstone haikuwa ya kijinga. Alikuwa mtu wa macho makali, na kwa Zambezi alisema kweli. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mti ukizikwa popote huwa na hatima moja.

Mti unaofia msituni huoza. Mchwa, uyoga na bakteria huumaliza, hewa huchukua kaboni yake, na baada ya miaka michache hutaweza kuonyesha ulipoangukia. Ukiangukia kwenye kinamasi, mambo ni mengine. Maji yaliyosimama hayana hewa ya kutosha, kwa hiyo viumbe wanaoozesha hulegea au hufa. Majani yenyewe hutoa tindikali inayoyafanya maji kuwa machungu zaidi kwao. Jani hulalia jani, mzizi hupenya juu ya mzizi uliokufa, na kidogo kidogo hujengeka tope jeusi la mboji ambalo ukilishika unaona nyuzi za mimea ndani yake. Kazi hiyo ni ya polepole mno. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba katikati ya bonde la mto Kongo, chini ya misitu yenye kufurika maji, kuna ardhi ya mboji yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 145,500. Imejikusanya kwa zaidi ya miaka 10,000, na bado kina chake ni mita chache tu.

Mboji hiyo bado si makaa. Ili iwe makaa, ardhi iliyoibeba lazima izame, tena izame kwa kasi inayolingana na kukua kwa mboji yenyewe. Ikizama upesi, kinamasi kinageuka ziwa au ghuba ya bahari na miti inakufa. Isipozama, mboji inafika juu ya maji, inakauka wakati wa kiangazi na kuoza kama takataka nyingine yoyote. Uwiano huo ukidumu kwa maelfu ya miaka, kisha mchanga na mfinyanzi ukaja kuifunika, uzito huikamua mboji maji yake kama kifumbu kinavyokamua nazi, mpaka mita kadhaa za mboji zinabaki mita moja. Joto la ardhini nalo hufanya kazi yake. Hatua ya kwanza ya makaa yanayopatikana hivyo ni lignaiti: ya kahawia, nyepesi, ambayo mara nyingi theluthi ya uzito wake au zaidi bado ni maji. Huwaka, lakini kwa moto hafifu na moshi mwingi, na ndani yake mara nyingine unaweza kuutambua ubao wa mti. Ikizikwa kina zaidi na kupata joto zaidi, hatimaye huwa makaa meusi yanayong'aa ambayo injini za Barghash zilihitaji.

Ujerumani ina mfano mkubwa wa lignaiti. Karibu na Köln, katika bonde la chini la mto Rhein, vinamasi vya miaka milioni 15 hivi iliyopita viliacha tabaka ambalo sehemu nyingine lina unene wa kufikia mita 100. Hii maana yake ardhi ilizama, na kinamasi kikapanda pamoja nayo bila kukatizwa, kwa muda mrefu usiofikirika. Hali ya namna hiyo ni nadra, na dunia haikuigawa kwa usawa.

Afrika Mashariki nayo iliwahi kuwa na vinamasi vyake vya makaa, zamani zaidi. Miaka kama milioni 270 iliyopita, Afrika ilipokuwa bado imeshikana na India, Australia, Antaktika na Amerika Kusini katika bara moja liitwalo Gondwana, mabonde marefu yalizama kuanzia kusini mwa Tanzania ya leo hadi Zambezi. Barafu kubwa iliyofunika sehemu za kusini za bara hilo ilikuwa imeyeyuka, hali ya hewa ilikuwa ya ubaridi na unyevu, na katika mabonde hayo vinamasi vilijaa miti ya Glossopteris yenye majani kama ulimi. Humo ndimo yalimozaliwa makaa ya Kiwira, ya Mchuchuma, ya Ngaka huko Mbinga, na yale ya Tete aliyoyaona Livingstone. Yalizikwa kina cha kutosha, yakapita hatua ya lignaiti, yakawa makaa meusi.

Uwanda wa Wamakonde haukuwapo wakati huo. Mawe yake ya mchanga yana umri usiofikia nusu ya ule wa makaa ya Ngaka. Gondwana ilipopasuka, Madagaska ikajitenga na kusogea kusini, na pwani mpya ikafunguka mahali ambapo awali palikuwa katikati ya bara. Mito ilishuka kutoka nchi ya milima upande wa magharibi ikibeba mchanga na changarawe. Miaka zaidi ya milioni 100 iliyopita ilimwaga mzigo wake juu ya ukanda wa pwani unaozama, na ndiyo mawe ambayo wanajiolojia wanayaita Matabaka ya Makonde. Ukisimama leo Shimo la Mungu, pale Newala, ambapo uwanda unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linatandazwa chini yako hadi Msumbiji, unakanyaga mchanga huo uliogandamana.

Miti ilikuwapo tele. Mito iling'oa magogo, ikayaviringisha na kuyafukia. Kilichokosekana ni utulivu. Mto wa mchanga huhama hama. Ukikata mkondo mpya huyapasua madimbwi ya kando yake na kuifagia mboji iliyoanza kujengeka. Na gogo lililofukiwa katika mchanga halikai katika maji yaliyosimama, kwa sababu mchanga hupitisha maji mfululizo. Maji hayo huleta hewa kidogo inayoozesha, tena huleta silika iliyoyeyuka kutoka kwenye chembe za mchanga. Silika huingia katika kuta za mti tundu kwa tundu, na ubao unapotoweka umbo lake linabaki limeandikwa katika jiwe. Gogo lile lile, kama lingeangukia kinamasi kinachozama, lingeweza kuwa lignaiti. Kwa hiyo kile alichokishika Livingstone mtoni kilikuwa ushahidi wa kinyume cha alichokitafuta: maji yalipita, hayakutuama.

Kuna sababu ya pili, na hiyo tunaijua kwa msaada wa mahali pengine kusini mwa nchi. Kaskazini-magharibi ya Lindi kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya dinosaria, wakiongozwa kwa jina na wataalamu wa Berlin, lakini kwa jembe, sururu na jicho la kutambua mfupa na mamia ya watu wa kusini waliosimamiwa na Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Mawe ya Tendaguru ni ya kale kidogo kuliko ya Makonde, ya miaka kama milioni 150, na yamehifadhi habari za pwani ya wakati ule: wangwa, tope la kupwa na kujaa, misonobari bara kidogo, na hali ya hewa yenye kiangazi kirefu. Wanyama wale wakubwa walikuwa na chakula na maji ya kutosha kuishi. Mboji haikuwa na bahati hiyo. Kinamasi kinachokauka kila mwaka hakiweki akiba.

Thomson hakuwa na picha hii yote mwaka 1881, lakini alikuwa na nyundo na elimu ya miamba. Pamoja naye alikwenda Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto mwaka 1861, aliyepita njia hizi na Livingstone mwaka 1866 na ambaye, baada ya Livingstone kufa, alikuwa mmoja wa viongozi wa wale walioubeba mwili wake hadi pwani. Kwa wakati ule hapakuwa na kiongozi wa msafara aliyeheshimiwa kumzidi. Wanahistoria humtaja Thomson na kumwacha Chuma kando, nami sikubaliani nao. Msafara ulifika na kurudi kwa sababu yupo mtu aliyejua wapi maji yanapatikana, nani apewe hongo ya nguo, na mizigo igawanywe vipi.

Njia kutoka Mikindani hupanda taratibu. Uwanda unainuka kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 700 karibu na Newala, kisha unaishia kwenye ukingo mkali. Njiani waliwakuta Wamakonde ambao tayari walikuwa wanachimba na kuuza kitu kilichotoka kwenye misitu iliyozikwa. Kilikuwa sandarusi, utomvu wa mtandarusi uliokauka na kukaa ardhini mpaka ukawa mgumu kama kioo. Sandarusi ilikwenda Unguja, na kutoka huko ikaenda Marekani, Uingereza na Ujerumani kutengenezea vanishi za samani na magari ya farasi. Umri wake ni mdogo sana ukiulinganisha na makaa, lakini ilikuwa bidhaa halisi yenye soko halisi. Mchimbaji alijua aina ya udongo wa kuutafuta na kina cha kufikia, bila kuhitaji mtu wa Edinburgh amweleze.

Newala ilikuwa chini ya Matola, mkuu wa Kiyao aliyewapokea wamisionari wa Kianglikana. Masasi, iliyo zaidi magharibi, ilikuwa na kijiji chipya. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alikuwa ametoka Unguja na watu walioachiwa huru kutoka utumwani, akiwa na nia ya kuwarudisha kwao Nyasa, na watu hao wakaamua kukaa pale chini ya milima ya mawe. Mmoja wa wamisionari wa Masasi, Chauncy Maples, mwaka 1880 alichapisha London maelezo ya nchi ya Masasi na Ruvuma, kwa hiyo ardhi aliyoipita Thomson haikuwa tena doa jeupe kwenye ramani. Ilikuwa na mashamba, shule na kanisa. Mwaka mmoja baada ya msafara, Septemba 1882, Wangoni waliojulikana huko kama Magwangwara waliishambulia Masasi, wakaua na kuteka watu. Maples akahamishia kituo Newala, karibu na Matola.

Kutoka Masasi msafara ulishuka Ruvuma, ukavuka, na kufuata bonde la Lujenda, mto unaoingia Ruvuma kutoka kusini. Huko ndiko uvumi ulikoelekeza. Thomson aliyaona hayo yaliyoitwa makaa, akayavunja, akayajaribu kwenye moto. Yalikuwa matabaka membamba ya mwamba wa tope wenye asili ya lami. Mwamba wa namna hii hutokana na matope laini yaliyotua katika maji matulivu pamoja na mabaki madogo ya mimea na viumbe. Una kaboni ya kutosha kumpa mtu matumaini, una rangi nyeusi, lakini sehemu kubwa ni udongo. Ukiutia motoni unatoa moshi na harufu, kisha unabaki jiwe. Tanuri la meli haliwezi kuendeshwa kwa jiwe.

Alirudi Unguja akasema ukweli. Sultani hakuufurahia. Habari za makaa alikuwa ameziamini kwa miaka, na sasa kijana aliyemlipa mshahara alimwambia hayapo. Ajira ya Thomson ilikatizwa kabla ya muda wake. Naiona heshima kubwa katika jibu lile. Angeweza kusema pachimbwe zaidi, angeweza kuomba mwaka mwingine na mshahara mwingine, na hakuna mtu Unguja ambaye angeweza kumpinga. Chuma alifariki mwaka 1882, na mwaka 1883 Thomson akaelekea nchi ya Wamasai kwa safari iliyomletea umaarufu. Ripoti yake ya Ruvuma, ambayo haikuvumbua kitu, husomwa na wachache.

Wajerumani walipoitwaa nchi waliendelea kutafuta. Kati ya mwaka 1895 na 1897 mhandisi wa migodi Wilhelm Bornhardt alizunguka kusini yote. Kando ya Ziwa Nyasa alikuta makaa ya kweli, yale ya vinamasi vya Glossopteris. Masasi na nchi inayoizunguka zilimpa kitu kingine: milima ya mawe inayosimama peke yake kwenye tambarare, kama Mtandi na wenzake, aliyoieleza katika kitabu chake cha mwaka 1900 kwa jina ambalo wanajiografia wa dunia nzima hulitumia hadi leo. Milima hiyo ni miamba ya kale sana, ya kabla ya mti wowote kuwapo duniani. Ndani yake hakuna makaa na hayawezi kuwamo. Yeye pia ndiye aliyeyaeleza kitaalamu mawe ya mchanga ya uwanda na kuyapa jina la Makonde.

Mchanga ulioinyima Makonde lignaiti ndio unaowanyima watu wake maji mpaka leo, na hapa historia hii inawagusa watu walio hai. Mvua ya masika hunyesha Newala, tena ya kutosha kulisha mikorosho na mihogo, lakini hainyeshi juu ya udongo unaoishikilia. Hupenya moja kwa moja hadi kina kirefu, kisha hutokea kama chemchemi chini ya ukingo, mahali mchanga unapokutana na mwamba usiopitisha maji. Kwa vizazi vingi wanawake wa Kimakonde walishuka genge na kupanda tena na ndoo kichwani. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliliandika jambo hilo kwa mshangao. Katika miaka ya 1950 ukaanzishwa mradi wa kusukuma maji kutoka chini hadi juu ya uwanda, na kuanzia miaka ya 1970 Finland ikafadhili visima na mabomba Mtwara na Lindi. Chanzo cha Mitema, karibu na Kitangari, bado kinategemewa. Pampu zikisimama, kwa kukosa umeme au vipuri, watu wa juu wanarudi kwenye mwendo wa bibi zao. Kwangu mimi, fedha yoyote itakayotumika kutafuta utajiri mwingine chini ya uwanda huu ingepaswa kwanza kuhakikisha kwamba maji ya Mitema yanafika Newala kila siku.

Makaa ya kusini yalipatikana, ila si pale Sultani alipotaka yawepo. Mgodi wa Ngaka, wilayani Mbinga, ulianza kuchimbwa mwaka 2011. Makaa yake husafirishwa kwa malori kupitia Songea, Tunduru na Masasi, yakipita kando ya uwanda wa Wamakonde bila kuupanda, na tangu mwishoni mwa mwaka 2021 yamekuwa yakipakiwa melini katika bandari ya Mtwara, mwendo mfupi tu kutoka Mikindani, alikoshukia Thomson.